Taulo la Osaka: Bingwa Mlangoni

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Watu wa Nyakato waliigeuza methali hiyo miguu juu, wakaiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba ya marehemu Machibya: ALIYEKUBALI KUSHINDWA SI NDUGU.

Wilhelmina, binti wa marehemu, alikuwa akiusugua ukuta huo kwa maji ya sabuni, Jumapili baada ya misa, mtu alipogonga geti. Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita: kitambaa kinachuruzika maji meusi, mkono uko kwenye komeo, moyo unamwambia usifungue.

Alifungua.

Aliyesimama nje alikuwa Shota Kirimura.

Ndiye, msomaji, wala si wa kufanana naye. Bingwa wa dunia wa mabondia wa kilo hamsini, mtu ambaye picha yake imebandikwa kwenye vibanda vya kunyolea kuanzia Nyakato hadi Kisesa. Mara ya mwisho Wilhelmina alimwona Osaka, upande wa pili wa ulingo, jicho moja limevimba hadi likafumba. Aliyelifumba ni Masalu, mdogo wake Wilhelmina wa tumbo moja.

Kwa aliyetukuta njiani, tumwelezee haraka. Mabondia wazito wana kwao, lakini mwembamba anayeutaka mkanda wa dunia ajiandae kupita Japani, maana huko mabingwa wa uzito mdogo hawamaliziki; huyu akistaafu, yule ameshavaa glovu. Masalu aliufuata mkanda huko. Kwenye kona yake alikaa dada mtu, mwalimu wake tangu baba yao alipofariki. Raundi ya nne Masalu alimwangusha Kirimura, Mwanza nzima ikaruka. Hadi raundi ya kumi inakwisha, kila aliyekuwa akihesabu pointi alimhesabia Masalu. Kisha kengele ya kumi na moja ikalia, na taulo jeupe likaruka kutoka kona ya Tanzania. Refa akasimamisha pambano. Mkanda ukabaki Japani.

Aliyelitupa ni Wilhelmina. Waandishi walimwuliza kwa nini, hakujibu. Umati uliomsubiri uwanja wa ndege ulimwuliza, hakujibu. Mama yake mzazi alipomwuliza, aliinamisha kichwa. Wakamwita Mama Taulo, na jina likakaa.

Bingwa hakuja peke yake. Nyuma yake alikuwepo Bagenda, promota wa Masalu, jasho limeilowesha kola ya suti, pamoja na dada mmoja aitwaye Prudencia, Mhaya aliyesoma Japani akarudi na lugha yao. Huyo ndiye mkalimani. Nyuma ya hao, mtaa mzima.

Kirimura aliinama mbele ya Wilhelmina hadi kisogo kikaonekana. Halafu akavua viatu, palepale getini, kwenye tope la maji ya sabuni.

"Mwambieni avae," Mama Modesta, mama yao Wilhelmina na Masalu, alisema kutoka barazani. "Huo ni uwanja tu, nyumba bado. Kuna misumari hapo."

Prudencia alitafsiri. Bingwa akavaa kiatu kimoja, akakumbuka jambo alilofundishwa njiani, akanyooka na mguu mmoja ukiwa peku.

"Shikamoo," alimwambia Wilhelmina.

Watoto waliopanda ukuta wa ua walicheka mpaka mmoja akadondoka. Wilhelmina hakucheka. Salamu haikataliwi, hata iwe imetoka kwa nani. Alijibu marahaba, na papo hapo ikamjia kwamba tangu arudi kutoka Osaka, hilo ndilo neno la heshima la kwanza kuambiwa ndani ya geti lile.

Maana humo ndani adhabu yake ilikuwa ya kimyakimya. Mama hakumfukuza. Alimpakulia kwenye sahani ya peke yake na kuiweka jikoni, wengine wakila barazani kwenye sinia moja. Masalu ndiye aliyezidi. Hakumsemesha kabisa. Akitaka kitu alimwambia mama, "Mwambie huyo asogeze ndoo," na huyo amesimama mbele yake, anamwona.

Sasa Masalu alitokea nyuma ya nyumba, kamba ya kurukia ikiwa begani. Alipomwona mgeni alisimama kama aliyepigwa ngumi ya ini. Kisha akafanya jambo ambalo watoto wote wa Nyakato wanalijua kwa kumwiga yeye, naye alilijua kwa kumwiga Kirimura kwenye video za simu: aliinama mbele, akageuka akainama kulia, akainama nyuma, akainama kushoto, kama bingwa wa Kijapani anavyozisalimu pande nne za ukumbi kabla ya kengele. Kirimura akamjibu vivyo hivyo. Majirani wakapiga makofi.

Wilhelmina alikuwa anaitazama miguu ya mdogo wake, kama mwalimu yeyote wa ngumi. Alipogeuka kushoto, Masalu aliyumba, akaushika ukuta.

Aliyeliona hilo ni yeye peke yake.

Mama Modesta hakubali mgeni aeleze shida yake kabla hajala. Ukapikwa ugali, ukaletwa pamoja na sato wa kuchemsha. Kirimura alikishughulikia kichwa cha samaki kwa vidole, taratibu, mpaka ikabaki mifupa mitupu kama kitana. Mama akasema huyu amelelewa na mama, si kama vijana wa siku hizi wanaotupa kichwa na kutafuna mkia. Prudencia alipotafsiri, bingwa akainama tena.

"Kama kuinama ndiko kunakowapa ubingwa," Mama Modesta alisema, "mimi niliyepalilia pamba Magu ningekuwa na mikanda kabati zima."

Masalu alicheka, na mama akacheka. Hata Wilhelmina, akiwa kwenye mlango wa jiko na sahani yake mkononi, alijikuta anatabasamu. Kwa muda mfupi ilikuwa kama nyumba ile ya zamani, baba akiwa hai, glovu zimeanikwa pamoja na nguo za shule.

Kisha Bagenda akanawa mikono na kusimama. Huyu bwana hajui kusema akiwa amekaa. Alitangaza kwamba bingwa amesafiri kutoka Osaka kwa miguu yake mwenyewe, na hapo akajirekebisha, kwa ndege, kuja kumtazama Masalu machoni na kuzungumzia marudiano. Marudiano, alirudia, akilitafuna neno lile kama muwa. Huko ukutani kelele zikapanda hadi mbwa wakabweka. Masalu alijifunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakamtikisika.

"Limebaki jambo dogo sana," Bagenda alisema, na macho yake yakamtafuta Wilhelmina.

Alimfuata jikoni. "Mwalimu," alianza. Akiwa na shida alimwita mwalimu. Asipokuwa na shida alimwita jina lile la mtaa.

Alimweleza kwa upole kwamba bingwa anataka kumwuliza swali moja, kuhusu taulo. Wajapani wana mambo yao. Jibu ni jepesi: aseme aliogopa. Ugeni, damu, kelele za ukumbi mkubwa. Woga si dhambi, na kwa mwanamke hakuna atakayeshangaa. Aseme aliogopa, aombe radhi, bingwa atakubali, Masalu atarudi Osaka kuchukua kilicho chake, na yeye mwenyewe atarudi kula barazani kama mtoto wa nyumba hii.

"Na nikisema nilichokiona?"

Bagenda alimkazia macho. "Uliona nini, Wilhelmina? Mimi nilikuwa na wewe kwenye kona. Mtu alikuwa anashinda. Nilikuuliza kasema nini, ukaniambia kaomba maji."

Ni kweli, alimwambia hivyo.

Alimwambia hivyo kwa kuwa Bagenda ni mtu wa Bukoba, na Masalu alikuwa amesema kwa Kisukuma.

Waliporudi barazani walimkuta Kirimura ameketi mkekani, viganja juu ya magoti. Alianza kusema kwa sauti ya chini. Alisema kwa muda mrefu, na Prudencia alipoanza kutafsiri sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

Katika klabu yao Osaka, alieleza, kulikuwa na bingwa wa dunia mwingine kabla ya Kirimura. Ndiye aliyemfundisha kufunga bendeji, ndiye aliyemfundisha kuziinamia pande nne. Katika pambano lake la mwisho, mwalimu wake alilishika taulo, akalitazama, akalirudisha begani, kwa sababu bondia wake alikuwa anashinda. Na kweli alishinda. Alitangazwa, akavikwa mkanda, akapigwa picha. Alianguka akiwa chumba cha kubadilishia nguo, kamba za kiatu mkononi.

"Bado yuko hai," Prudencia alitafsiri. "Jumapili nikiwa nyumbani naenda kumlisha. Namwonyesha mkanda wake, ananiuliza ni wa nani. Mwalimu wake huja kila mwaka kumwomba mama mtu radhi, na mama humwandalia chai. Hakuna aliyepona kwa radhi hiyo."

Bingwa alimgeukia Wilhelmina, na Prudencia akaendelea kutafsiri:

"Kwa hiyo, dada, nakuuliza. Taulo lile ulilitupa kwa kuona, au kwa kuogopa? Ukisema uliogopa, nitapigana na mdogo wako, maana ananistahili. Ukisema uliona, sitapigana naye, wala sitakuuliza zaidi."

Wa kwanza kusema alikuwa Mama Modesta.

"Uliogopa, mwanangu, si ndiyo? Hata mimi ningeogopa. Sema tu."

Hilo ndilo lililomchoma Wilhelmina. Mama hakuwa anamgombeza. Alikuwa anamfagilia njia ya kurudi, anamwekea neno mdomoni kama alivyokuwa akimwekea tonge.

Halafu Masalu akainuka, akaja, akachuchumaa mbele yake.

"Dada," alisema.

Msomaji, kuna watu wanaambiwa neno hilo kila siku mpaka halisikiki. Wilhelmina alilisikia kama mtu aliyekuwa kiziwi.

"Dada, nimechoka kukununia. Sema uliogopa, yaishe. Nitakusamehe mbele ya watu wote hawa, nitakubeba mgongoni hadi Kisesa na kukurudisha."

Watu wakacheka. Sauti moja ikauliza kama mgongo utamweza Mama Taulo, wakacheka zaidi. Masalu naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka.

"Mimi sina kazi nyingine duniani, dada. Baba aliniachia hii tu. Nirudishie."

Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Wilhelmina. Niliogopa. Ni dogo, lingetoka lenyewe. Angekula barazani jioni hiyo hiyo, ukuta ungeoshwa na wale wale waliouandika, na mdogo wake angemwita dada asubuhi na jioni.

Ndipo akaushusha uso, akauona mkono wa kushoto wa Masalu juu ya mkeka. Vidole vilikuwa vinatetemeka, vikijikunja na kujikunjua, kama dagaa waliomwagwa mchangani wakiwa hai. Mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa bado anatabasamu.

"Niliona," Wilhelmina alisema.

Akaeleza. Kati ya raundi ya kumi na ya kumi na moja alimkalisha Masalu kwenye stuli, akamtoa kinga ya meno. Masalu akamtazama kwa upole, upole ambao bondia hana akiwa ulingoni, akamwuliza kwa Kisukuma cha utotoni mwao kama ng'ombe wameshavuka. Alisema maji ya mto Simiyu yamejaa. Alisema wakimbie, mama atawagombeza. Wilhelmina alimwuliza yuko wapi, naye akajibu kwa mshangao kwamba yuko hapa, na yeye, malishoni. Bagenda akauliza kasema nini. Kaomba maji. Kengele ikalia, na Masalu akainuka kwenda kupigana, kwa kuwa mwili ulikuwa bado unaikumbuka kazi.

"Sikumtupia taulo bondia," alisema. "Bondia alikuwa ameshaondoka. Aliyebaki pale ni mtoto wa miaka saba anayechunga ng'ombe, na mtu mzima anampiga."

Prudencia alisita. Alimtazama Wilhelmina kana kwamba anamwuliza kama hata hilo litafsiriwe. Kisha akalitafsiri lote, na Kirimura akafumba macho.

Mama Modesta alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga. Ng'ombe wale waliuzwa zamani, familia ilipohamia mjini, na hakuna aliyewahi kuwataja tena katika nyumba hii. Mtu hawezi kubuni hilo. Mama alijua hivyo, na Wilhelmina aliona kwamba amejua.

"Kwa nini hukusema?" mama aliuliza. "Siku zote hizi?"

"Ningesema, huu mtaa ungemwita chizi. Nikaona heri waniite mimi Mama Taulo."

Na akaendelea, kwa sababu mwenye kutumbua jipu haachi nusu. Alimkumbusha mama siku Masalu alipokwenda sokoni Kisesa na pikipiki, akairudia njia yote kwa miguu, akafika nyumbani na kuuliza ni nani aliyeiiba. Siku ile mama alisema ni mawazo ya kushindwa. Alimkumbusha mara alizomsihi ampeleke hospitali akapimwe kichwa, na Masalu akajibu kupitia kwa mama kwamba huyo akapimwe mwenyewe. Kule Osaka daktari alimmulika macho kwa tochi, akamwuliza jina lake na nchi yake, akajibu vizuri, na Bagenda akasema ndege haisubiri.

Masalu alisimama. Hakupaza sauti.

"Muongo."

Hakuna aliyemwunga mkono. Alimtazama mama, mama akatazama chini. Alimtazama Bagenda, naye alikuwa anaitazama simu yake. Akasema tena, polepole zaidi, kwamba hata kama ni kweli, hayo yalikuwa yake na dada yake, ya damu, ya lugha yao. Hayakuwa ya kumwagwa mbele ya mtaa na mgeni. "Umenivua nguo, dada," alimalizia. Ni kama ukutani walikuwa wanasubiri hapo tu, maana kijana mmoja aliita kwa sauti nyembamba ya kitoto: "Eti, ng'ombe wameshavuka?"

Vicheko vikalipuka. Vikapokewa nje ya geti na waliokuwa hawajasikia mwanzo, kisha mbali zaidi, na kila aliyepokea aliongeza chake, mmoja akilia kama ndama.

Hilo ndilo Wilhelmina alilokuwa amelizuia kwa mwili wake wote tangu Osaka. Lilikuwa limepita sasa, na aliyelifungulia mlango ni yeye.

Kirimura aliinuka. Alimwinamia Masalu, chini kabisa, akakaa hivyo kwa muda mrefu mpaka vicheko vikaona haya. Alisema maneno machache.

"Anasema anakushukuru kwa pambano," Prudencia alitafsiri. "Hakutakuwa na lingine."

Bingwa akatoka na mkalimani wake, mtaa ukawapisha.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Hata Wilhelmina alidhani hivyo. Alijiruhusu kuvuta pumzi. Mdogo wake atamchukia, sawa, lakini atamchukia akiwa hai.

Ila hakumjua Bagenda.

"Japani kuna bingwa mmoja?" promota alimwambia, na sasa hakuwa na upole wala lile neno mwalimu. "Mikanda ya dunia ni mingi, mama. Tokyo kuna kijana mwenye mkanda mwingine, na watu wake hawana habari za kuulizana maswali mikekani."

Ilibainika kwamba alikuwa ameshazungumza nao, tena kabla hajamleta Kirimura. Masalu anajulikana, mtu aliyemwangusha Kirimura anauza tiketi. Watu wa Tokyo walikuwa na sharti moja tu: wapate video ya huyo mwanamke wa kwenye kona, akisema taulo lilikuwa kosa na anaomba radhi, ili kesho mtu yeyote akiuliza wawe na la kuonyesha. Tiketi za ndege zilikuwa tayari. Begi la Masalu lilikuwa ndani ya gari la Bagenda, nje ya geti, tangu asubuhi. Ndege ya Dar inaondoka jioni hii.

Wilhelmina aligeuka kumtazama mdogo wake. Masalu alikuwa ameshafika nje ya geti, ameshika mlango wa gari. Kwa hiyo alijua. Alipokuwa amechuchumaa pale mkekani akimwita dada, begi lilikuwa garini.

Bagenda akainua simu, akaielekeza usoni kwake. "Sentensi moja. Nilikosea, Masalu alikuwa mzima, naomba radhi. Usiposema, sijui Tokyo watanijibu nini. Ukisema, mdogo wako ni bingwa wa dunia."

"Usiseme nilikuwa mzima kama hutaki," Masalu alisema kutoka kwenye gari. "Hilo la taulo liache. Niombe radhi kwa la leo. Kwa hawa wanaonicheka. Hilo nalo huwezi?"

Na hilo, msomaji, lilikuwa halali yake. Wilhelmina alilijua. Angekuwa na mdogo wake peke yao, uani, bila mtu, angempigia magoti kwa aibu aliyomvika na asingeona haya. Lakini simu ya Bagenda ilikuwa imeshaanza kurekodi, na simu haichambui radhi; ingebeba neno moja tu, ikalipeleka Tokyo, na huko lingekuwa radhi ya taulo.

Mama Modesta aliteremka barazani. Hakuvaa kandambili, yeye aliyekataza wengine kukanyaga misumari. Alimshika Wilhelmina mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwombe radhi mdogo wako, mwanangu. Radhi haivunji mfupa. Akiondoka hivi, sitawaona tena mkila sinia moja mpaka nife. Nakuomba mimi mama yako."

Mama hajawahi kumwomba kitu. Alikuwa akituma, akiagiza, akikaripia, hakuwahi kuomba. Wilhelmina alihisi mikono ile ilivyokuwa migumu na midogo, akaacha machozi yashuke bila kuyazuia. Akaitoa mikono ya mama taratibu, mmoja mmoja, na kusogea mpaka uso wake ukajaa kwenye kioo cha simu.

"Naitwa Wilhelmina Machibya," alisema. "Ni mwalimu wa Masalu. Mdogo wangu nampenda kuliko mikanda yote ya dunia, awe ananisemesha au hanisemeshi. Osaka nililitupa taulo nikiwa na akili zangu timamu. Leo nimesema nilichosema, nazo akili zikiwa zile zile."

Bagenda hakuishusha simu. Masalu alikuwa ameshaingiza mguu mmoja ndani ya gari, na wa pili bado ulikuwa chini, kwenye vumbi la Nyakato. Hakuuingiza. Alikuwa amemgeuzia dada yake uso, anasubiri, kama alivyokuwa akisubiri neno lake kwenye stuli, kila raundi, tangu alipokuwa kijana mdogo.

Wilhelmina alimtazama yeye, si simu.

"Siombi radhi."